Zaventem hadi Buyenzi, Mlango kwa Mlango

Ninyi mnaoanza kazi yetu mmeniomba niandike kabla sijasahau, nami nimekubali kwa sababu isiyo nzuri: sina pa kwenda. Daktari mmoja kule Woluwe aliutazama mguu wangu wa kushoto, akaniambia kwamba damu iliyoganda ndani yake haitaki tena safari ndefu za ndege, na kwa sentensi hiyo moja nikawa mstaafu wa miaka arobaini na minane. Wastaafu wa kweli wa jengo letu hapa Berchem-Sainte-Agathe, Brussels, wananitazama kwenye lifti kama mtoto aliyetoroka shule. Ninaandika nusu ukurasa, nasimama, nazunguka meza, nafungua dirisha kuona kama kuna ndege inayopanda, nafunga dirisha. Mkikuta mahali maelezo yameruka, jueni hapo nilikwenda kutembea.

Kazi yetu haina jina zuri. Karatasi za ofisi zinatuita wasindikizaji. Wakongo wa Matonge, mtaa wao hapa Brussels, wanatuita wabeba wazee. Mama yangu, Mungu amlaze pema, aliwaambia watu wa Uvira kwamba binti yake anaendesha ndege, na sikuwahi kupata siku nzuri ya kumsahihisha. Ukweli ni kwamba tunaketi kando ya mtu asiyeweza kusafiri peke yake: mzee, mgonjwa aliyetoka hospitali, mtu ambaye macho yake yamezimika. Tunamchukua mlangoni kwake Brussels, tunamkabidhi kwa ndugu zake mlangoni kwao Bujumbura, Kinshasa au Bukavu, halafu tunarudi. Jamaa zangu wanadhani nimeitembea dunia. Nimetembea kati ya choo cha mbele na choo cha nyuma.

Mambo ya vyeo sitayaandika. Ofisi yetu ina vyumba viwili. Hapakuwa na pa kupanda.

Nilipofika pale nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na cheti cha sekondari cha Uvira ambacho hapa hakuna aliyetaka kukisoma. Nilikuwa nimeshasafisha ofisi za watu, nimeuza viatu, nimelea watoto wa wengine, na hakuna kazi iliyonishika zaidi ya msimu mmoja. Miguu yangu ndivyo ilivyo. Siku ya malipo nilikuwa naona mlango tu. Maman Yvonne, mwanamke wa Bukavu aliyekuwa msaidizi wa wauguzi kabla ya kufungua ofisi hiyo karibu na Flagey, hakuniuliza cheti. Aliniuliza, kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa:

"Unaweza kaa?"

"Kukaa wapi, maman?"

"Kukaa tu. Chini. Huit heures, masaa munane."

"Nitajaribu."

"Bon. Bengine bote banasemaka banaweza, kisha batu banabakuta banazunguka ndani ya ndege sawa kuku. Donc unaanza kesho."

Safari yangu ya kwanza nilikwenda naye, ili nimwone akifanya. Tulimpeleka bibi mmoja Bujumbura, bibi mdogo wa umbo, aliyeshika mkoba wake kwa mikono miwili kana kwamba Brussels nzima ilitaka kumpora. Tulipomfunga mkanda wa kiti aliniuliza, "Mwanangu, ni mbali?" Nilikuwa nimejiandaa. Usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma ramani. Nikamjibu kwa fahari kwamba ni zaidi ya kilomita elfu sita. Bibi akafumba macho, machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Maman Yvonne akanivuta sikio, kwa kweli, kwa vidole, mbele ya abiria.

"Neema! Muntu akikuuliza ni mbali, haulizake kilomètres. Anauliza kama atafika muzima." Kisha akamwinamia bibi. "Maman, sikia. Utakula mara mbili, utaenda choo mara tatu, utalala kidogo, na utanikasirikia mara moja. Kisha tumefika."

Bibi akafungua jicho moja. "Na nisipokukasirikia?"

"Alors tutakuwa tumekosea ndege."

Bibi alimkasirikia juu ya bahari, kwa sababu ya chai baridi, na akaonekana amefarijika sana baada ya hapo. Tangu siku ile sijampa abiria kilomita. Nanyi msiwape. Kilomita ni za ndege.

Somo la pili la maman Yvonne lilikuwa la mkono. Alininyooshea vidole vyake vitano mbele ya uso. Kidole gumba ni kutoka mlango wa nyumba hadi uwanja wa ndege, na hapo mpime ngazi, lifti iliyoharibika, na mjukuu anayelia. Cha pili ni kungoja. Cha kati, kile kirefu, ni ndege yenyewe, zile saa nane ambazo watu wote wanazijua. Kinachofuata ni kituo cha njiani, ambapo wengine wanashuka na ninyi mnabaki mmekaa. Kidole cha mwisho, kidogo, ni kushuka: wa kiti cha magurudumu huingia ndegeni wa kwanza na hutoka wa mwisho, halafu pasi, halafu mizigo, halafu gari. "Batu banaona kidole kirefu tu," alisema. "Weye ukipigiwa simu, hesabu mukono muzima. Mlango kwa mlango." Ndugu wanaongoja Bujumbura hawaishi uwanjani. Wana wali motoni, wana mgonjwa kitandani, wana watu wameketi kwenye mikeka, na saa utakayowaambia ndiyo watakayojipanga nayo.

Kuhusu vyombo vya kazi nitasema machache, kwa sababu najua mtanicheka. Viatu visivyo na kamba. Mirija ya kunywea, mingi kuliko mnavyodhani. Shati la akiba la abiria na shati la akiba lenu, maana kinachomwagika kinawamwagikia ninyi wote wawili. Glavu. Na mkanda wa kuinulia, ule mpana wenye vishikio, unaomfunga mtu kiunoni ili umsimamishe bila kumvuta kwapa. Wageni wengi kazini hawaupendi, wanaona unamfanya mzee aonekane mzigo. Mzigo ni mzee anayeanguka. Jambo jingine dogo: wakati wa kiangazi saa ya Brussels na ya Bujumbura ni moja, baridi ikianza wao wanatutangulia kwa saa nzima. Wazee hawaamini. Wanadhani sisi wa Ulaya ndio tunaosogeza saa kwa kiburi.

Miaka ilikwenda hivyo. Nilikuwa nikirudi Brussels naishi na begi wazi sakafuni, siku ya tatu naanza kuranda. Soko la Flagey nilikuwa nalizunguka mpaka muuza jibini akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikiwa Brussels natamani harufu ya samaki wa Uvira, na nikifika kule, jioni ya kwanza tu, natamani tramu. Maman Yvonne alisema nina ugonjwa na kwa bahati nimepata kazi inayoulipia dawa. Alipofariki, nilikuwa juu angani na mteja wa Kinshasa. Nilimkuta ameshazikwa kule Evere na viti vya matanga vimeshakunjwa.

Hilo la mazishi ndilo nililotaka kufikia, kwa sababu safari zetu nyingi zinaanza kwa simu ya msiba, na hamtaifanya kazi hii vizuri msipojua ni marehemu wa nani. Sisi Wakristo wa Kivu, marehemu wetu ana subira. Niliwahi kumpeleka baba mmoja Bukavu kumzika mzazi wake. Ndege ikaharibika, tukachelewa siku, mpaka wa nchi ukafungwa tukachelewa tena. Tulipofika, mzee alikuwa bado yuko chumba cha maiti, kwaya ilikuwa imepata muda wa kujifunza nyimbo mpya, na lawama pekee tuliyopewa ilihusu ng'ombe aliyeliwa mapema. Kwa Waislamu wa Bujumbura si hivyo. Wao aliyekufa alfajiri, jua halitui akiwa nyumbani. Huko saa uliyoisema vibaya haisameheki kwa kwaya.

Mzee Haruna alikuwa fundi cherehani wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Vita vilimleta hapa na mkewe na binti mmoja, Zaituni. Mke akafa, Zaituni akawa mtu mzima, anahudumia wagonjwa majumbani, na mzee akaishi naye mitaa miwili kutoka kwangu, akipunguza suruali za majirani mpaka nyonga zote mbili zilipomkataa. Kwa miaka kadhaa alikuwa wa kiti cha magurudumu. Alisimama kwa kushikwa tu, wakati wa kuhamishwa kutoka kitandani. Dada yake mkubwa, Bi Mwajuma, alikuwa amebaki Buyenzi, na kiangazi kimoja aliugua, akaacha kula. Mzee akasema anakwenda kumwona akiwa hai. Zaituni hakuweza kuondoka kazini, ndipo wakaniita.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege wa Zaventem asubuhi, kwenye viti vya wale wanaongoja kusukumwa, Zaituni akimfunga baba yake vifungo vya koti kwa mara ya tatu, simu yake ikalia. Alisikiliza kidogo, akaweka mkono mdomoni, akampa baba yake simu bila neno. Mzee akaisikiliza mpaka mwisho.

"Inna lillahi," alisema. Kisha akanigeukia mimi, kama mtu anayenieleza jambo la kawaida. "Mwajuma ameondoka alfajiri."

Aliyepiga alikuwa Issa, mtoto wa marehemu. Zaituni aliiweka simu kwenye sauti kubwa, akaishika mbele ya baba yake.

"Mjomba, usiwe na wasiwasi, tunakusubiri," Issa alikuwa anasema. "Nimeshaongea na wazee wa msikiti, wamekubali kwa shida. Zaituni alinieleza ndege ni saa nane. Mnaruka saa nne, mnafika saa kumi na mbili. Tutazika magharibi, na wewe upo."

Zaituni aliniona nikiutazama mkono wangu. Akanisogelea, akanishika kiwiko.

"Dada Neema, usiseme kitu," alininong'oneza. "S'il te plaît. Akijua hatawahi kaburi, hatapanda. Mimi namjua papa. Atarudi nyumbani aangalie ukuta mpaka na yeye afe."

Mzee alikuwa amezeeka, lakini masikio yake yalikuwa ya fundi, yanasikia sindano ikianguka.

"Neema," alisema. "Njia hii unaijua wewe. Tutafika lini? Mlangoni, si uwanjani."

Nawaambia ninyi mnaoanza: kuna siku mtaulizwa saa, na mtaona wazi kwamba ipo saa ya kumpendeza mtu na ipo saa yenyewe. Nilimfikiria Bi Mwajuma, ambaye sikuwa namjua, amelala amekwisha kuoshwa, watu wakitazama barabara, magharibi inapita, isha inapita, joto la Bujumbura.

"Mzee," nikasema, "jioni tutakuwa tunatua Kigali. Wa Kigali watashuka, sisi tutabaki ndani. Halafu Bujumbura, tushuke wa mwisho. Pasi, mizigo, gari. Tukigonga mlango wa Buyenzi, watu watakuwa wameshaswali isha na wengine wamelala."

Kisha Issa akauliza, "Nani huyo anayesema?"

"Ni Neema, ninayemsindikiza mzee."

"Wewe ni Mwislamu?"

"Hapana."

"Basi, dada, ya ndege utuambie, ya maiti tuachie wenyewe."

"Ya ndege ndiyo hiyo niliyowaambia."

"Lakini Zaituni alisema saa nane!"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Issa!" Zaituni akapiga kelele, watu wa foleni wakageuka. "Ndege niliitengeneza mimi?"

Mzee aliinua kiganja. Wote wawili wakanyamaza, huyu wa hapa na yule wa kule ambaye hakukiona.

"Issa," alisema, "mama yako alikuwa na tabia ya kumngoja mtu?"

"Hapana, mjomba."

"Akipika, aliyechelewa alikuta nini?"

"Alikuta sufuria zimeoshwa."

"Basi. Mzikeni baada ya alasiri. Msinisubiri."

Zaituni alipiga magoti mbele ya kiti, analia sasa waziwazi. "Sasa unakwenda kufanya nini, papa? Alors turudi nyumbani."

"Nilikuwa nakwenda kwa dada yangu," mzee alisema. "Dada yangu yuko palepale. Nipangusie pua, kisha mwite huyo kijana wa kusukuma."

Tukapanda. Alikataa chakula, akakataa chai, hakunikasirikia hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa ameufungua ule ukurasa wa ramani kwenye kioo cha kiti cha mbele, ndege ndogo nyeupe inasogea kwa unene wa uzi. Tulipita milima, tukapita bahari, tukaingia juu ya jangwa. Mimi nilikuwa nimeshasimama na kukaa mara nyingi mpaka jirani wa ng'ambo ya kijia akaniuliza kama kiti changu kina kasoro.

"Makka iko wapi?" mzee akauliza ghafla.

Niliinama kwenye ramani, nikatafuta bahari nyembamba inayotenganisha Afrika na Uarabuni. "Nyumbani unaelekea wapi?"

"Kwa Zaituni naelekea kabati."

Nikamwonyesha kwa kidole. Tulipoondoka Brussels, Makka ilikuwa mbele yetu, kushoto kidogo. Sasa, juu ya jangwa, ilikuwa kushoto kabisa, nyuma kidogo ya bawa. Tukifika Bujumbura itakuwa nyuma yetu. Sikuwahi kulifikiria hilo kabla. Miaka yote nimeifuata njia ile ile na sikujua kwamba kuna watu ambao mbele yao inazunguka humo ndani kama mshale wa saa.

"Kwa hiyo tunaipita," alisema mzee.

"Tunaipita kwa mbali."

"Na saa hizi, kule?"

"Kiangazi saa ni moja, mzee. Alasiri yao inakaribia."

Akaondoa macho kwenye ramani, akasema, "Nataka kumswalia. Nikiwa nimesimama."

Alinieleza kwa ufupi, maana mimi si wa dini yake. Sala ya maiti haina kuinama wala kusujudu. Ni kusimama tu, takbira nne na dua kati yake, kisha salamu. Aliye mbali na maiti anaweza kuisali kwa aliye mbali, ndivyo alivyofundishwa Buyenzi. Nikamwuliza, kwa sababu nilimjua miaka mingi akiswali kitini, "Dini si inakuruhusu ukae?"

"Dini inaniruhusu," alisema. "Mwajuma haniruhusu. Alinibeba mgongoni mpaka watoto wa mtaa wakamcheka kwamba amezaa mwenye ndevu."

Nilimletea maji kwenye vikombe vya karatasi, akatia udhu palepale kitini juu ya taulo, nusu ya maji ikaishia kwenye suruali yangu. Alipomaliza nikanyoosha mikono kumwinua kama siku zote. Akajivuta nyuma kama nimemchoma.

"Usiniguse, binti yangu. Nina udhu."

Nikabaki mikono hewani. Katika madhehebu yake, ngozi ya mwanamke asiye ndugu ikigusa ngozi yake, udhu umekwenda. Nilikuwa nimemshika mikono na miguu tangu asubuhi na hakusema kitu, kwa sababu hakuwa na udhu wa kulinda.

"Mzee, ukianguka nitakugusa."

"Basi nisianguke."

Nikachukua mkanda wa kuinulia. Nikavaa glavu, nikashusha mikono ya shati mpaka kwenye viganja, nikamwonyesha: nitakufunga juu ya koti, nitakushika kwa vishikio kwa nyuma, hakuna ngozi popote. Akauchukua mkanda, akaugeuza, akauvuta mshono kwa kidole gumba, uso wake ukawa kwa mara ya kwanza siku ile uso wa mtu aliye kazini.

"Mshono wa kivivu," alisema. "Lakini utashika."

Tulikwenda kwa kile kiti chembamba cha ndani ya ndege hadi nyuma, karibu na jikoni, pale kwenye nafasi ya mlango. Nikamsimamisha akielekea mlango wa kushoto, nikamgeuza kidogo kwa nyuma kama ramani ilivyonionyesha. Hapo hapo taa za mikanda zikawaka, na mhudumu wa ndege, msichana mwenye nywele zilizofungwa kwa nguvu, akaja mbio.

"Madame, bwana anatakiwa akae. Sasa hivi."

"Dakika chache tu," nikamwambia kwa Kifaransa. "Dada yake anazikwa."

Alitazama huku na huku. "Wapi?"

"Bujumbura. Sasa hivi."

Sijui alifikiria nini. Alifunga pazia, akasimama mbele yake upande wa abiria, na kupitia kitambaa nikaliona umbo la mgongo wake limeegemea, limetuzibia.

Mzee akainua mikono, akapiga takbira ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilikuwa nyuma yake, vishikio viwili mkononi, mguu wangu wa kushoto nimeukaza ukutani. Takbira ya pili. Magoti yake yakaanza kucheza, nikasikia kupitia mkanda jinsi mifupa inavyobishana. Ndege ikayumba, vikombe vikagongana kwenye makabati, na uzito wake wote ukanijia kwa mpigo mmoja. Alikuwa mwepesi kuliko begi lake. Hakuacha. Ya tatu. Nilikuwa nasema moyoni, Haruna, maliza, Haruna, usimalize. Ya nne. Akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, kisha akasema, "Haya," na nikamshusha.

Mguu uliniuma wiki nzima baadaye. Daktari hakusema ndipo ulipoharibikia, na mimi sikumwuliza.

Issa alitungojea uwanja wa Bujumbura. Ni mwanamume mpana, mwenye karakana ya pikipiki, macho mekundu. Alimbusu mjomba wake mikono yote miwili, kisha akanitazama kuanzia viatu. "Ndiye huyu dada wa saa?" Nilisema ndimi. Akachukua begi langu kwa ukali, kama mtu anayelikamata, akalipakia, na njia nzima hadi Buyenzi hakusema tena na mimi.

Asubuhi alitupeleka makaburini. Pale getini alisimama, na kabla hajasema nilijua. Kwao, kwenye kaburi bichi ni wanaume.

"Mpaka hapa, dada," alisema, safari hii bila ukali.

Nilimwonyesha namna ya kupita kwenye mchanga: usisukume, magurudumu madogo yatazama, geuza kiti, vuta kinyumenyume. Akageuza, akavuta. Kwa hiyo Mzee Haruna alikwenda kwa dada yake akiwa amenitazama mimi, anarudi nyuma polepole kati ya makaburi, kofia imepinda, viganja juu ya magoti. Wateja wote niliowakabidhi walinipa mgongo, ndivyo inavyokuwa, ndugu wanawadaka na wewe umeisha. Huyu alinitazama mpaka nikashindwa kuuona uso wake vizuri. Hapo Issa akakigeuza kiti.

Kando ya tuta jipya palikuwa na kitu kimefunikwa gunia. Issa akaliondoa gunia, akainua karai kwa mikono miwili, akalilaza kwenye mapaja ya mjomba wake.

"Udongo huo," akasema mlinzi wa geti nyuma yangu. Alikuwa mtu mzima, ameketi kwenye kigoda, anachokonoa jino. "Jana wakati wa kuzika kila mmoja anatupa udongo kwa mikono mara tatu, yule kijana akajaza karai akaliweka pembeni. Tukamwuliza, la nani hilo, tunataka kufunga? Akasema tuliache, kuna mtu yuko angani."

Mzee alichota mara ya kwanza. Mkono ulikwenda mbali kuliko nilivyodhani ungeweza.

Mlinzi alinyanyuka, akanisogezea kigoda chake. "Kaa, mama. Hawa watakawia."

Nilimshukuru. Nikabaki nimesimama mpaka mzee alipochota mara ya tatu.